Maji ya Wasio na Zamu

Nyinyi mlioingia kazini juzi, ambao yunifomu zenu bado zina mikunjo ya dukani, nawaandikia nikiwa na wasiwasi na sitaki kuuficha. Nimeketi mlangoni kwangu hapa mjini, Wabera, simu iko mapajani, na kila bodaboda ikipita nadhani ni simu inatetemeka. Binti yangu Kabale, ambaye ni renja mwenzenu, ametumwa leo Ela Dima kuwaambia watu wa visima wahame. Hakuniambia. Nimeambiwa na mwenzake aliyepita hapa akienda kununua betri za tochi, na alipoona uso wangu umebadilika akajuta kufungua mdomo.

Basi nimechukua kalamu kwa sababu mikono inataka kazi. Wengi wenu hamnijui. Jina langu ni Habiba, ila kwa miaka yote niliyofanya kazi katika konsavansi, hifadhi yetu ya wanyamapori, hakuna aliyeniita hivyo, nilikuwa Mama Redio. Nilikaa katika kile chumba cha mabati upande wa Kulamawe, nikiongea na marenja walioko porini tangu asubuhi hadi waliporudi kambini. Sijawahi kumfuata simba kwa miguu wala kumshika mwizi wa pembe. Kazi yangu ilikuwa kusubiri, na wallahi niliifanya vizuri kuliko ninavyoifanya leo.

Wewe utakayekalia kile kiti, sikiliza. Bonyeza kitufe kwanza, vuta pumzi, ndipo useme. Ukiongea papo hapo unapobonyeza, neno la kwanza linamezwa, na neno la kwanza ndilo jina la unayemwita. Hapo ama pori zima litakujibu, ama hatajibu mtu. Futa vumbi kwenye sola kila asubuhi kwa kitambaa kikavu. Usimwage maji, maana vumbi la huku likilowa linakuwa simiti. Na mtu akinyamaza, usimwite-mwite. Huenda amejikunja nyuma ya kichaka na nyati yuko hapo mbele, na sauti yako ikitoka kwenye redio kifuani mwake ndiyo itakayomponza. Unamwita mara moja, unamwachia nafasi, unakunywa chai yako. Chai haitapita kooni, lakini kunywa.

Jambo jingine ni kusikiliza sauti kabla ya maneno. Renja hakwambii amechoka. Kila ukimwuliza atasema, "Tuko sawa, Mama." Lakini mwenye kiu sauti yake hupungua unene na atameza mate katikati ya sentensi. Mwenye hofu huongea polepole kuliko kawaida yake. Na yule anayekwambia amefika kwenye mlima fulani kumbe amelala chini ya mgunga karibu na kambi, atataja jina la mlima huo mara mbili bila kuulizwa. Niliwashika wengi kwa njia hiyo, na mpaka leo kuna wazee wenye wajukuu ambao wakiniona sokoni wanajifanya wanatafuta nyanya.

Msinione mjanja sana. Siku moja niliweka pakiti ya unga wa chapati mezani bila kuangalia, nayo ikalalia kitufe cha redio. Nilikuwa napiga soga na mpishi kuhusu suruali ya meneja wetu wa wakati huo, jinsi ilivyompanda juu ya vifundo vya miguu kama anataka kuvuka mto. Nilieleza kwa kirefu, nikamwiga hata mwendo. Doria zote zilinisikia, na meneja mwenyewe alikuwa amefuatana na mojawapo. Aliporudi jioni alisimama mlangoni akaniambia, "Mama Redio, suruali nitabadilisha," akaenda zake. Tangu siku hiyo unga naweka chini.

Aliyenifundisha kazi hasa ni sajini wetu Ekai, Mturkana wa pande za Oldonyiro, mrefu, mwenye pengo na maneno machache. Nilipoanza nilikuwa na ramani ukutani, na kila doria ikiripoti ndovu nachomeka pini. Nilijivunia zile pini. Ekai akaja siku moja, akaziangalia, akacheka.

"Mama, hii umenionyesha ndovu. Ng'ombe wako wapi?"

"Ng'ombe si kazi yetu, sajini. Hii ni konsavansi."

"Niambie ng'ombe wako kwa maji gani, mimi nitakwambia ndovu watakuwa wapi wiki ijayo. Unafikiri ndovu anajua maji? Anajua watu wa kuchimba."

Nilidhani ananitania. Nikaanza kuwauliza marenja juu ya mifugo vilevile, nikachomeka pini za rangi nyingine, na kabla ya kiangazi kuisha nilikuwa nimeona mwenyewe. Kila palipokuwa na watu wakichota kwenye laga, ule mto wa mchanga uliokauka, hapo ndipo nyayo za porini zilipoelekea. Nilikuwa nimelelewa hapa mjini, kisima nilikijua kwa kupelekwa likizo tu kwa shangazi, na sikuwahi kujiuliza wanyama wanakunywa wapi mito ikikauka.

Ekai pia alinifundisha namna ya kupokea habari. Nyinyi mnashuka kwenye gari mnauliza, "Mzee, umeona simba?" Mzee anasema hajaona, mnapanda gari mnaondoka. Simba alikula ngamia wake jana! Lakini hamkumwachia nafasi. Mchungaji wa huku ana mpangilio wake: kwanza mvua, halafu nyasi, halafu mifugo, halafu watu, na mambo ya porini huja mwisho kabisa. Ukimkatiza kwenye nyasi umemtukana, na ule mwisho hutaupata. Kaa chini, sema "ee", sema "endelea", hata kama jua linakuchoma kisogoni.

Sasa niwaeleze Ela Dima, maana ndiko mwanangu aliko.

Ni visima vilivyochimbwa kwa mikono ndani ya laga, virefu kwenda chini kuliko nyumba. Watu husimama ngazi juu ya ngazi ukutani mwa kisima, wakirushiana ndoo na jerikeni zilizokatwa, wa chini kabisa akiwa ndani ya maji na wa juu akimwaga kwenye hori la udongo la kunyweshea mifugo. Huimba ili mikono iende pamoja. Mwenye kupanga nani anachota siku gani huitwa aba herega, na kwa miaka mingi ni Mzee Guyo, mtu mfupi mwenye sauti ya kukwaruza, ambaye hata wanaompinga hawampingi mbele ya kisima.

Pale kuna desturi ambazo hamtazikuta kwenye mafunzo yenu. Ya kwanza, kwenye kikao cha kisima huongei kama hukuchota. Uwe chifu, uwe shehe, uwe mtu wa mradi mwenye gari jipya, kama mgongo wako haukulowa utasikiliza tu. Ya pili, aliyechota zamu yake hupimiwa maji yake, na maji hayo hakuna wa kumwuliza anampa nani.

Hii ya pili Ekai aliijaribu kwelikweli. Kiangazi fulani doria yake ilipiga kambi karibu, naye akashuka kisimani kuwasaidia. Wakampimia maji. Mturkana yule hakuwa na hata mbuzi pale, basi akavua shati la kazi akalifua, akafua na soksi, mbele ya ng'ombe wenye kiu na wenyewe. Nilisikia kelele kwenye redio nikadhani vita imeanza. Vijana walitaka kumrarua. Mzee Guyo aliwazuia kwa fimbo, akawaambia, "Acheni. Ni yake." Lakini hakumsalimu Ekai mpaka mvua iliponyesha.

Desturi ya tatu ndiyo iliyoniingiza kwenye wasiwasi wa leo. Zamu ya mwisho ya jioni, mifugo ikishaondoka, hori moja lilikuwa likijazwa na kuachwa hivyo. Hakuna aliyelilinda. Usiku walikuja punda milia, wale wa huku wenye mistari myembamba na masikio makubwa, wakaja choroa, wakaja ndovu. Mzee Guyo aliwaita "wasio na zamu". Nilimwuliza mara moja kwa nini wanajisumbua, mikono yao yenyewe imechubuka. Akaniangalia kama mtu aliyeuliza kwa nini wageni hupewa chai.

Halafu kikaja kiangazi kibaya, na ofisi ikaamua visima vifungwe kwa watu. Sitawaambia walikuwa watu wabaya. Waliona ng'ombe wengi, wakaona nyasi zimekwisha, wakasema wanyama wapumzike, pori libaki pori. Watu wa Ela Dima wakaambiwa wahamie karibu na Kulamawe, ambako kuna tangi la maji. Wakahama.

Siku za kwanza redio ilikuwa na furaha. Marenja waliripoti utulivu, swala wengi, hakuna vumbi la mifugo. Nikaandaa chai ya tangawizi kwa kila aliyerudi. Kisha sauti zikaanza kubadilika. Aliyekuwa akiongea haraka akaanza kuongea polepole. Ekai akaniita asubuhi moja.

"Mama Redio, kisima kimekufa."

"Kimekufaje, sajini?"

"Mchanga. Hakuna mtu wa kutoa. Umejaa mpaka juu."

Kisima cha laga si bomba. Upepo huleta mchanga kila siku, na watu huutoa kila siku. Ukiwaondoa watu, kisima kinafunga mdomo. Ndovu walichimba kwa miguu, lakini maji yalikuwa mbali kuliko mkonga. Punda milia walisimama pale pembeni, wengine wakalala na hawakuinuka tena. Na siku iliyofuata Ekai akaniita tena, polepole zaidi: "Mama, nyayo zote zimegeuka. Zinakuja upande wenu."

Nilimwambia meneja. Akapiga simu huku na kule, akaahidiwa gari la kufukuza ndovu, gari likachelewa. Ndovu hawakuchelewa. Walifuata watu waliozoea kuwachimbia maji, wakafika kwenye tangi. Dhaki, mke wa Mzee Guyo, alikuwa ametoka alfajiri na jerikeni yake ili awahi foleni. Nilikuwa nimewasha redio tu nilipoanza kusikia vilio, na safari hii havikutoka kwenye redio, vilitoka dirishani. Walimzika siku hiyohiyo. Ndovu aliyemuua alipigwa risasi, na renja aliyempiga alilia, maana alimjua tangu alipokuwa ndama. Niliwahi kusikia watu wakisema watu na wanyama hawawezi kukaa pamoja. Pale walikaa pamoja miaka na miaka, tukawatenganisha, ndipo wakauana.

Watu waliruhusiwa kurudi. Wakachimbua mchanga, maji yakapatikana. Lakini Mzee Guyo hakuwa yule. Hori la jioni hakulijaza tena. Jua likikaribia kuzama alifunika visima na mahori yote kwa matawi ya mgunga, miiba juu, na hakuna aliyethubutu kumwambia kitu. Na mtu wa konsavansi hakumsalimu tena, hata mimi niliyekwenda kumpa pole. Aliniangalia akageuza uso. Niliumia, lakini ningemwambia nini?

Hivyo ndivyo mambo yalivyobaki mpaka nikastaafu, na hivyo ndivyo yalivyo. Kiangazi hiki ndama wa punda milia wamekufa mbele ya visima vyenye maji, pua zao zikiwa zimechanwa na miiba. Meneja wa sasa ameziona picha. Naye si mtu mbaya, ni mtu aliyebanwa, na wanaompa fedha za kuendesha mambo wanataka kujua atafanya nini. Amerudi palepale: watu watoke.

Tuliongea jambo hili na Kabale siku ya Idi, tukiosha vyombo. Yeye amesomea wanyamapori chuoni na amezaliwa na Mama Redio, kwa hiyo ana ubishi wa aina mbili.

"Mama, wanakufa wakiangalia maji. Nikae kimya?"

"Watu wakiondoka kisima kitakufa. Unajua hivyo."

"Najua. Na wakibaki, mzee anafunika. Sasa wewe ungefanya nini?"

"Mimi sijui. Lakini wakikutuma kwa Guyo na maneno ya kuwahamisha, kataa."

Aliendelea kusugua sufuria ambalo lilikuwa limeshatakata. Na leo amekwenda, yeye na dereva tu, kwa sababu ni mwenyeji na ni mwanamke, na ofisini wanadhani hatapigwa. Vijana wa Guyo walimzika mama yao kwa sababu ya amri kama hiyo. Mimi ningekuwa kijana wa Guyo sijui ningempokeaje mtu wa yunifomu hiyo. Naogopa apigwe. Halafu, na hili linanitia aibu, naogopa pia asipigwe, wamsikilize, wahame, mchanga ujae, na tuanze tena kuhesabu nyayo zinazokuja Kulamawe.

Nimeweka kalamu chini nikaswali adhuhuri, na nilipokuwa nakunja mkeka simu ikalia. Ilikuwa namba yake, ile niliyoipigia asubuhi bila kupokelewa. Siku hizi netiwaki inafika Ela Dima ikipenda.

"Mama, ulinipigia? Siwezi kuongea sasa," akasema, akihema kama mtu aliyekimbizwa. Nyuma yake kulikuwa na sauti za wanaume, nyingi, zikipanda na kushuka, na kitu kikigonga bati au chuma. Ikakatika.

Mimi niliyewafundisha kusikiliza sauti nilisikia yote niliyoyaogopa. Nilipiga tena, haipatikani. Nikampigia dereva, haipatikani. Nikapiga chumba cha redio, akapokea kijana aliye kwenye kiti changu siku hizi.

"Mama, nimemwita mara kumi. Hajibu. Niendelee?"

Ulimi wangu ulitaka kusema endelea, mwite mpaka betri iishe. Nikamwambia, "Acha. Usimwite-mwite. Mwachie nafasi." Nikakata, nikajitengenezea chai, na haikupita kooni. Jirani yangu alikuja kuazima chumvi akaniuliza kama nina malaria.

Alasiri yote imekwisha hivyo. Nimerudi kuusoma huo ukurasa wa Ekai na soksi zake nikilia, msidhani nilikuwa nacheka. Nilimwomba Mungu anirudishie huyu mtoto hata kama ni wa ubishi. Nilikuwa naandika neno hilo simu ilipolia tena. Ni namba ya Kabale, lakini sauti haikuwa yake.

"Asalaam aleikum, Mama Kabale."

Sauti ya kukwaruza. Sikuwa nimeisikia ikinisemesha tangu mazishi.

"Waleikum salaam, Mzee Guyo." Nikakaa kizingitini. "Mzee, mtoto wangu..."

"Mvua hakuna," akasema.

Nikauma midomo. Alikuwa ameanza habari, na habari ya mzee haikatizwi. Nikasema, "Ee."

"Wingu lilikuja juzi, likaenda kwa Wasamburu. Nyasi iko kidogo tu, ile ya upande wa Kinna. Mbuzi wanapata, ng'ombe inakula mizizi."

"Endelea, mzee."

"Ng'ombe imekonda, lakini inasimama. Ngamia iko sawa. Moja imezaa. Watu ni wazima, isipokuwa ndugu yangu na mgongo wake. Mke wa kijana wangu amejifungua, msichana."

"Hongera, mzee. Allah amkuze." Mvua, nyasi, mifugo, watu. Alikuwa amepita watu na hajamtaja mwanangu.

"Sasa leo gari ya konsavansi ilikuja," akasema, taratibu. "Msichana akashuka. Nikajua amebeba maneno. Nikamwambia, hapa hakuna maneno kwa mtu hajachota. Nilifikiri atarudi. Akavua viatu."

"Akavua viatu," nikasema kama mjinga.

"Akashuka mpaka chini, kule vijana yangu wanaogopa. Amechota zamu nzima. Mikono imetoka ngozi. Simu alikuwa ameweka ngazi ya juu, akapanda kukupigia mara moja, akarudi."

Basi kule kuhema na kule kugonga kulikuwa kwa ndoo, na zile sauti zilizonitoa roho zilikuwa wimbo wa kisima, ambao shangazi yangu aliniimbia utotoni. Nilisikia kwa sikio la mama, na sikio la mama halifai kwenye redio.

"Jioni nikamwita aseme maneno yake," Mzee Guyo akaendelea. "Akasema hana maneno ya leo. Nikampimia maji yake. Nikamwuliza, ng'ombe yako iko wapi? Akasema hana ng'ombe. Akamwaga yote kwa hori la mwisho, akakaa chini. Nikamwambia, msichana, unangoja nani?"

Nilijua, naye alijua kwamba najua.

"Anangoja wasio na zamu," akasema. "Mama Kabale, mimi tangu Dhaki sijawapatia hata tone. Unajua sababu."

"Najua, mzee."

"Nilishika miiba yangu nikaenda kufunika. Nikafika pale nikasimama." Akakohoa. "Hayo si maji yangu. Nitayafunikaje? Nimefunika mengine, hilo nimeacha. Basi, habari ndiyo hiyo."

Akampa Kabale simu. Nilitaka kumgombeza, nikaanza kulia, nikafanya yote mawili. Akaniacha nimalize.

"Mama, nilimwambia meneja tangu jana sitasoma ile amri. Nilimwambia nitaenda kuomba zamu."

"Watakufukuza."

"Labda. Nimeitwa ofisini Jumatatu."

"Na kesho?"

"Kesho mzee amenipa zamu tena. Mama, una yale mafuta ya kupaka mikono? Mpe dereva aniletee, anakuja huko usiku huu."

Kwa hiyo, wenzangu vijana, bado nina wasiwasi, tena mkubwa. Jumatatu mtoto wangu atasimama mbele ya meza na viganja vilivyochubuka, na sijui kama huyo aliyebanwa ataviona viganja au ataona tu renja aliyekaidi. Na hori moja halinyweshi pori zima. Mikono ya mtu mmoja haitadumu mpaka mvua. Ela Dima ina ngazi nyingi, na kati yenu nyote mwanangu amesimama peke yake. Wenye siku za mapumziko wiki hii mnajua gari linaondokea wapi. Mkifika, salimieni vizuri, sikilizeni mvua na nyasi, vueni viatu.

Kabla ya kukata Kabale aliniambia, "Mama, usiongee. Sikiliza." Akaweka simu kando ya hori, nikasikia miguu yake ikienda mbali juu ya mchanga.

Miaka yangu yote kwenye kile kiti nilisikia watu wakiniambia kuhusu wanyama, na mnyama mwenyewe sijawahi kumsikia. Kulikuwa na kimya kirefu. Kisha kwato, chache, zikaja zikasimama. Zikaja tena. Halafu nikasikia midomo ikigusa maji, ikinyonya, ikiacha, ikinyonya, na mahali fulani nyuma yake mzee mmoja akivuta pumzi na kuizuia. Nilifunika mdomo kwa kiganja nisije nikawashtua.